Matope ya Ghorofa ya Tatu

Mkataba wa chekechea ile ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza, fupi, ilimhusu mtoto: saa ya kufika, saa ya kuchukuliwa, chanjo, chakula cha kubeba. Ya pili, ndefu, ilituhusu sisi wazazi. Kila familia itapasua kuni. Kila familia itafua taulo za watoto kwa zamu, itasafisha kibanda, itatengeneza kinachoharibika, itakaa na watoto mwalimu akiugua, na itahudhuria mikutano ya usiku. Mume wangu alisoma mpaka mwisho, akaniangalia, akauliza, "Mama watoto, hapa anayeanza shule ni nani?"

Tulitia sahihi sote wawili, kwa sababu tulikuwa tumechoka kungoja. Tangu Agosti 2013 sheria ya Ujerumani inampa kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja haki ya nafasi ya malezi ya mchana, lakini sheria haijengi vyumba wala haizai walimu. Kila mlango tuliobisha hodi hapa Freiburg ulituweka kwenye orodha ya kusubiri. Binti yetu, kifungua mimba, alikuwa na miaka mitatu. Mimi ni muuguzi wa zamu, mume wangu ni fundi baiskeli. Tulipokezana mtoto mlangoni, mmoja akiingia mwenzake anatoka. Ndipo mwenzangu wa wodini akaniambia kuna wazazi wanaoendesha chekechea yao msituni, na familia moja imehama.

Chekechea yenyewe haina jengo. Watoto wapatao ishirini, wa miaka mitatu hadi sita, hukutana asubuhi pembezoni mwa msitu, huimba kwenye duara, kisha hufuatana na walimu wanaovuta mkokoteni wenye maji, sabuni, taulo na sanduku la huduma ya kwanza. Kila mtoto ana begi lake mgongoni na kipande cha mkeka wa kukalia. Baridi ikizidi, kuna kibanda cha mbao juu ya magurudumu, chenye jiko la kuni. Mvua haimzuii mtu. Kinachozuia ni upepo mkali, maana matawi makubwa hudondoka. Siku hiyo kundi huhamia kwenye ukumbi wa kuazima. Mwajiri wa walimu ni chama cha wazazi. Kusajili chama cha namna hii kunataka watu wasiopungua saba, na saba hao wakipatikana wanabeba kila kitu, kuanzia mishahara hadi ndoo ya choo.

Mambo haya tangu mwanzo yalikuwa ya wazazi. Mapema miaka ya 1950 kule Denmark, Ella Flatau alikuwa akiwapeleka watoto wake msituni. Majirani wakaona, wakamkabidhi na wa kwao, na kutokana na matembezi hayo wazazi wakaanzisha chekechea. Ujerumani, Ursula Sube alianza kutembea msituni na watoto wa Wiesbaden mwaka 1968, na mwaka 1993 chekechea ya msituni ya Flensburg ikawa ya kwanza kutambuliwa rasmi. Leo ziko zaidi ya 1,500 nchini. Nyuma ya nyingi kati ya hizo utakuta wazazi waliokaa mezani usiku na daftari la hesabu.

Ovaroli la mvua tulirithishwa. Ndani ya kola yake kulikuwa na majina ya watoto waliotangulia, kila moja limekatwa mstari, na la binti yetu likaandikwa chini. Asubuhi aliingia msituni akiwa msafi, mchana alitoka akiwa wa rangi moja tangu buti mpaka kofia. Matope yalipanda ngazi pamoja naye hadi ghorofa ya tatu, yakatanda kwenye beseni la kuogea, yakafika kwenye mito ya kochi, yakaingia hata kwenye viatu vyangu vyeupe vya kazini. Mume wangu alitandika magazeti kutoka mlangoni hadi bafuni na kutangaza kuwa huo ndio mpaka. Mpaka haukuheshimiwa hata siku moja.

Usiku mmoja wa Novemba mashine ya kufulia ilinguruma, ikagonga mara kadhaa, ikanyamaza. Tukadhani imemaliza. Tulipoingia bafuni, maji ya kahawia yalikuwa yamefika kizingitini. Ovaroli lile lilikuwa na mfuko wa siri upande wa ndani, kazi ya mzazi fulani wa zamani, na binti yetu alikuwa ameugundua kabla yetu na kuufanya ghala. Jiwe moja lilikuwa limepita na kuipasua pampu. Nyuma yake zilifuata mbegu za mwaloni, magamba ya konokono na kipande cha chuma chenye kutu. Tulikuwa tungali tunakausha kwa mashuka pale mlango ulipogongwa. Alikuwa jirani wa ghorofa ya pili, mjane mtu mzima, amevaa gauni la kulalia na mkononi ameshika chungu cha maua kinachochuruzika. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye dirisha lake.

Mume wangu alianza kumwomba radhi, akaishia katikati. Ndani ya chungu kulikuwa na ua dogo la zambarau, majani yake manene yana manyoya. Mume wangu ni mzaliwa wa Lushoto, na ua lile anajua linaota wapi: kwenye majabali yenye kivuli, kando ya vijito, ndani ya misitu ya Usambara. Mwaka 1892 afisa wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, alilituma Ujerumani kwa baba yake, na tangu hapo likaenea kwenye madirisha ya nyumba za huku. Walisimama mlangoni, jirani na mume wangu, wakizungumza habari za kumwagilia maua huku maji yakiendelea kumwagika nyuma yao. Ilibidi niwakatishe.

Tulipojiunga, kila familia ilijaza karatasi ya ujuzi: sisi tuliandika uuguzi na baiskeli. Usiku ule niliitafuta karatasi hiyo nikaona kuna baba ambaye ni fundi bomba. Alikuja na mashine yake ya kufyonza maji, akafyonza kwetu, akateremka akafyonza na kwa jirani, akaifunga pampu kwa muda ili tuvuke usiku. Tulipomuuliza bei, alisema magurudumu ya mkokoteni wa watoto yamepinda na walimu wanaumia mgongo. Jumamosi iliyofuata mume wangu aliyavua, akayanyoosha, akayarudisha. Tangu siku hiyo mkokoteni ni wake. Ukilia njiani, walimu wanamtafuta yeye.

Habari zilifika Lushoto kabla hatujakausha zulia.

"Shikamoo, mama," nilisema kwenye simu.

"Marahaba, mwanangu. Hivi ni kweli mnalipa hela ili mjukuu wangu akashinde porini?"

"Ni kweli, mama. Wanajifunza huko."

"Sisi tulikwenda msituni kwa sababu jikoni hapakuwa na kuni. Nilikwenda alfajiri, nikarudi na mzigo kichwani, ndipo nikaenda shule nimeshachoka. Baba yenu na mimi tukajinyima ili watoto wetu wakae kwenye dawati. Leo mmefika Ulaya, mnamtoa mtoto darasani mnamrudisha kwenye miti."

Sikuwa na jibu la haraka, na sikutaka kumpa la uongo. Mama mkwe wangu amekulia jirani na msitu wa Magamba. Kwake msitu ni mzigo kichwani, ni nyoka, ni askari wa misitu anayeuliza umepata wapi tawi hilo. Anayepewa msitu bila shoka wala mzigo amepewa kitu tofauti kabisa, na mama alikuwa na haki ya kuuliza nani amelipia tofauti hiyo.

Lililotutisha zaidi lilikuja mwezi wa Mei. Jimbo letu ni eneo la kupe. Wapo wanaoambukiza virusi vya homa ya ubongo, ambavyo vina chanjo, na wapo wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme, ambao kinga yake kubwa ni macho ya mzazi kila jioni, kwani hatari ya ugonjwa huo huongezeka kadiri kupe anavyozidi kukaa mwilini. Tulimkagua binti yetu kila siku: kwapani, nyuma ya magoti, kitovuni. Kupe mmoja alijificha kichwani, kati ya mistari ya nywele alizosukwa. Nilimtoa kwa kibano nikiwa nimeshikiwa tochi, nikaandika tarehe kwenye kijitabu cha kundi kama inavyotakiwa, kisha tukaanza kungoja.

Kijitabu kilisema tuangalie duara jekundu linalotanuka, na picha zote zilionyesha ngozi nyeupe. Kwa uuguzi wangu nilijua kwamba kwenye ngozi nyeusi duara hilo linaweza lisiwe jekundu hata kidogo; huja kama kivuli cha kahawia iliyoiva au zambarau, na hupita bila kuonwa. Kila asubuhi nilimsogeza dirishani, nikapapasa shingo kwa vidole nikitafuta joto. Kivuli kikatokea chini ya kisogo. Daktari alikubaliana nami, akampa antibayotiki, na mtoto akapona vizuri. Lakini usiku wa mkutano nilisimama nikawaambia wenzangu kwamba kijitabu chao kingemwacha mwanangu augue, na kitawaacha watoto wengine watakaokuja wenye ngozi kama yake.

Nimeishi miaka katika nchi hii nikipima maneno yangu kabla ya kulalamika, kama mgeni anavyofundishwa na mazingira. Usiku ule sikupima. Nilikuwa nimefua taulo zao, nimedeki kibanda chao, nimekaa na watoto wao mvuani mwalimu alipougua. Mwenyekiti aliuliza nani ataandika ukurasa mpya, nikasema mimi, na baba mmoja mpiga picha akajitolea kutafuta picha zinazofaa. Kabla majira yale hayajaisha, ukurasa ulikuwa umechapishwa na kugawiwa kwa kila familia.

Oktoba mama mkwe alikuja kututembelea, na Jumamosi ya kazi ikamkuta. Kibanda cha magurudumu kilikuwa kimezama matopeni na lazima kihamishwe kabla ya baridi. Mama alifunga kanga kiunoni juu ya koti. Alitazama mhandisi, mwokaji mikate na mwalimu wa muziki wakivuta kamba kila mtu kwa mwendo wake, akatikisa kichwa, akamwambia mwanawe, "Waambie huu ni msaragambo, lazima awepo wa kuitikisha." Akaanza wimbo kwa Kisambaa, mume wangu akaitikia, na kufikia ubeti wa tatu kundi zima lilikuwa likivuta kwa pamoja. Kibanda kikatoka.

Hakukubaliana na kila kitu. Aliona matunda ya mwituni akataka kumchumia mjukuu, akazuiwa: kuna minyoo ya mbweha, hakuna kinachotoka chini kikaenda mdomoni kabla ya kuoshwa na kupikwa. Alinuna mpaka jioni. Na aliwauliza walimu, nami nikatafsiri, kwa nini kuni zinapangwa na watu wazima huku watoto wenye mikono wanatazama. Walimu walijadiliana, na sasa kupanga kuni ni kazi ya watoto wa mwaka wa mwisho. Binti yetu anasubiri zamu yake kwa hamu.

Mume wangu sasa ndiye mweka hazina wa chama. Mikutano hukaa kwenye meza yetu, na jirani wa ghorofa ya pili hutuletea keki, hasa mama mkwe akiwa kwenye simu, maana wana mazungumzo yao ya maua ambayo mume wangu hulazimika kuyatafsiri. Mashine ya kufulia ni mpya. Matope ni yaleyale.

Wenzangu wengi wananiuliza kama nao wawapeleke watoto wao, na wengine wako Arusha na Nairobi wanafikiria kuanzisha kundi lao. Nawaambia wasianze na kutafuta msitu, miti ipo. Watafute familia saba zinazojua kwamba mwalimu anaweza kuugua siku ya mvua, na kila moja iandike kwenye karatasi inaweza kufanya nini kwa mikono yake. Wawaulize na wazee waliobeba kuni msitu ulikuwa nini kwao, na wayasikilize majibu hata yakiwa makali. Na mtu yeyote aliyeshika zamu yake ya kufua apewe nafasi ya kubadili kanuni. Mtoto wetu wa pili anaanza Septemba, na mkataba wake tumeshausaini.