Papa Mshauri Anajibu: Sambaza wa Kashebere Wamekwenda Wapi?

Barua za safari hii, ukiacha moja iliyovuka bahari, zimetoka Kashebere na jirani zake, pale Masisi inapokabidhiana barabara na Walikale, ingawa mvua ikinyesha hakuna anayeweza kukuonyesha barabara yenyewe ni ipi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo ya mahari na mipaka ya mashamba. Kumbe watu wanateswa na malewa, yaani vibanda vya chakula vya kando ya barabara. Haya, tuanze.

*Jambo sana Papa Mshauri. Mimi ni motari, nabeba mizigo kati ya Nyabiondo na Kibua. Kila mchana nakula kwa mama mmoja hapa Kashebere: bugali, sombe na sambaza. Zamani sambaza walifunika sombe yote. Siku hizi nawahesabu kwa kidole: wanne, tena mmoja hana kichwa. Je, mama amenichukia?*
*Motari Mwenye Njaa*

Motari mwanangu, mama hana neno na wewe. Muulize huyo asiye na kichwa amepita wapi.

Sambaza hata si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, enzi za Wabelgiji, akayakubali maji na kuzaana bila kuomba karatasi kwa mtu. Wavuvi humvua usiku kwa taa, kwenye mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu. Hadi hapo samaki wako ni mzima na ana kichwa. Balaa linaanza nchi kavu. Anakaushwa, anapanda gari hadi Sake, anaipanda milima ya Masisi, anateremka Nyabiondo, halafu anakabidhiwa kwa watu kama wewe. Mwaka 2017 taasisi mbili, IPIS ya Ubelgiji na DIIS ya Denmark, zilitoa hesabu ya barieri za Kivu zote mbili: 798. Na barieri unaijua ilivyo: kamba, kijana, na njaa ya huyo kijana. Wa kwanza anataka franga. Wa pili anataka franga ya sigara. Wa tatu anasema yeye hali rushwa, ila anaingiza mkono kwenye gunia kuhakikisha kwamba ndani ni samaki kweli, na mkono unatoka umejaa uhakika. Sambaza akifika Kashebere ameshalipa kodi nyingi kuliko mbunge wake.

Basi, wanne si haba. Ukitaka wa tano, kaa mwanzo wa benchi, karibu na sufuria, na uisifu sombe kabla mama hajapakua. Upawa ukisharudi sufuriani, sifa haina soko. Na kama gunia la mama hulibeba wewe mwenyewe kutoka Nyabiondo, angalia bei unayomtoza kabla ya kuniandikia tena.

*Papa Mshauri, mimi ni muuguzi, nimetumwa huku kutoka Goma. Nafika malewa saa sita, naambiwa sombe bado. Saa saba, bado. Naweza kumwambia mama aharakishe bila kuonekana mjuaji wa mjini?*
*Mgeni wa Kituo cha Afya*

Binti yangu, unaweza. Lakini wewe ndiye utakayewatibu wateja wake.

Sombe ni majani ya muhogo, na majani hayo yana sumu ya sianidi, na mama hakusoma kemia ili kuitoa: anayatwanga kwenye kinu mpaka yawe rojo, halafu anayachemsha muda mrefu sufuria ikiwa wazi, sumu iondoke na mvuke. Mizizi ya muhogo mchungu nayo inalowekwa siku kadhaa kabla ya kuwa unga wa bugali. Watu wakibanwa na njaa au na vita wanafupisha siku hizo, na sahani isipokuwa na samaki wala maharagi, hapo ndipo konzo inapoingia: mtu analala mzima, anaamka miguu haimtii, na haponi. Daktari Mwitaliano aitwaye Giovanni Trolli aliueleza ugonjwa huo mwaka 1938, kule Kwango, upande mwingine wa nchi yetu hii hii. Kwa hiyo mama anapokujibu "bado", hiyo ni kauli ya kitaalamu. Iandike kwenye faili.

Chungulia sufuria mwenyewe. Povu la kijani likiwa bado linapanda pembeni, rudi kazini. Rangi ikikolea ikawa nyeusi-nyeusi, na mawese yakatokeza duara jekundu ukingoni, nawa mikono. Siku ukiwa na haraka, kula maharagi. Maharagi nayo yanachelewa, ila yalianza jana.

*Mshauri, mume wangu akirudi jioni anakula matonge mawili tu, anasema kazi imemchosha. Jirani ameniambia kila mchana yuko malewa, anakula lituma na nyama ya mbuzi. Nami nimeotesha ndizi nyuma ya nyumba! Nifanyeje?*
*Mke wa Mchovu*

Dada, pole. Mchovu huyo namfahamu. Simfahamu kwa jina, namfahamu kwa mgongo, maana kila malewa ina mmoja anayekaa akiupa mlango kisogo.

Kwanza tumtendee haki. Lituma, ndizi iliyochemshwa ikapondwa moto moto kwenye kinu, inamshinda mwanaume mwenye nia njema. Watu wa Walikale wanaipenda, na wa Kisangani wanaidai ni yao. Mimi naila kwanza, ugomvi baadaye. Lakini barua yako ina jambo kubwa kuliko mume: hizo ndizi nyuma ya nyumba. Ule mnyauko wa migomba unaoiozesha kabla haijakomaa, mara ya kwanza kuonekana Kongo ilikuwa mwaka 2001, na ulionekana hapa hapa Masisi. Unasambazwa na wadudu wanaotembelea ua lile jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, na unasambazwa na panga linalotoka mgomba mgonjwa kwenda mzima bila kupitishwa motoni. Dawa haipo. Ua likishamaliza kutoa vichane, linavunjwa kwa kijiti chenye panda, panga likae ndani. Mgonjwa anang'olewa. Je, nani anafanya kazi hiyo kwako, wakati mwenye mikono miwili anamenyewa ndizi za watu barabarani?

Fanya hivi. Kesho saa sita vaa kitenge kizuri, nenda malewa, kaa mahali pake kabla hajafika. Agiza lituma na mbuzi. Kula taratibu, uridhike. Akiingia, msalimie kwa heshima kama mke mwema, mwambie mama aiandike sahani kwa jina lake, kisha mkabidhi kijiti chenye panda mbele ya wote. Sijasema umpige nacho.

*Papa, nipo Chicago miaka mingi. Rafiki alinipeleka mgahawa wa Waamerika weusi: majani ya kijani yaliyochemshwa mpaka yakalainika, mkate wa mahindi, maharagi. Nililia mezani. Nimekuwa mzee?*
*Mtoto wa Masisi Ughaibuni*

Hapana, umekuwa na njaa ya kwenu. Watu walionyimwa vinono huko walijua cha kufanya na majani, kama mama zako. Tena ujue Sylvia Woods, aliyefungua mgahawa wake Harlem, New York, mwaka 1962, awali alikuwa mhudumu tu mahali hapo. Mtaji wa kununua ulipatikana kwa mama yake kuweka rehani shamba la familia, South Carolina. Mama zetu wa malewa wakisikia hivyo hawatashangaa. Wao watauliza kama shamba lilikombolewa. Lia, mwanangu, ila ukimaliza uwatumie nyumbani kitu, na kisiwe picha ya sahani.

*Mshauri, mheshimiwa mmoja amepita na magari mawili, akasema watu wote walioko malewa wale bure, yeye analipa. Wenzangu walikula. Mimi niliondoka na njaa. Nilikuwa mjinga?*
*Kijana wa Kwa Wanyanga*

Kijana, wewe ni Mnyanga na unaniuliza mimi? Babu zako walilijibu hilo katika utenzi wa Mwindo, ambao Daniel Biebuyck aliuandika kutoka kwa watu wa Walikale mwaka 1956. Mwindo alishuka kuzimu kwa Muisa kumtafuta baba yake. Kahindo, binti wa Muisa huyo huyo, akamwonya mapema: akikupa kiti, kataa, akikupa kibuyu cha pombe ya ndizi, kataa, akikupa ugali, kataa. Kilichokuwemo kibuyuni sikitaji hapa, watu wanakula. Na Mwindo alipokataa vyote, alipewa nini? Kazi ya kulima shamba la migomba kwa siku moja.

Ndiyo shida ya vya bure: ukivila umenunuliwa, ukivikataa unapewa jembe. Ila swali langu kwako ni jingine. Mheshimiwa alisema analipa. Alilipa? Kapite kwa mama, umuulize polepole, watu wakishatawanyika. Nikipata jibu lako nitaliandika hapa, bila jina la mtu na bila namba za gari.

*Papa Mshauri, nadaiwa sahani nyingi. Mimi ni mchimbaji, machimbo hayajatoa kitu. Nina dola moja tu, imechanika kidogo pembeni. Mama ameikataa. Je, si ubaguzi?*
*Kreza Mwenye Daftari*

Ubaguzi upo, lakini si wa mama. Kongo nzima dola ikiwa na mpasuko wa ukucha inageuka karatasi, na ya moja moja hata ikiwa nzima watu huinunia. Franga nazo zimechakaa: benki za Goma zilifungwa mji ulipochukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025, na noti za 500 zinazozunguka sasa zimebaki harufu na imani.

Lakini mama hawezi kwenda Nyabiondo kununua mawese kwa machimbo ambayo hayajatoa. Wazee wako wa kazi, waliobeba mawe ya mgodi wa Bisie mgongoni kilomita zaidi ya 40 za msitu hadi Njingala, walilishwa na akina mama waliobeba unga kwa njia ile ile, kinyume chao. Wengi wa wale mama waliachiwa daftari la madeni. Wewe una mikono: mchotee maji, mpasulie kuni, mtwangie sombe wiki nzima, yeye akikata sahani moja moja. Mchi hauchaniki.

Nafasi imekwisha. Wenye matatizo mapya waniandikie. Wanaodaiwa malewa wasiandike; walipe kwanza, tena kwa noti ndogo, maana mama hana chenji.