Waraka wa Kongwa kwa Jamaa wa Bububu

Kwa kuwa jamaa wa Bububu wamezoea kuita ughaibuni kila mahali ambapo bahari haionekani, Dodoma, iliyo katikati ya Tanzania kwenye uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,100, inastahili jina hilo kuliko Muscat na London, ambako angalau wapo Wazanzibari wa kutosha kusoma maulidi na kugombana baada yake. Mji huu uliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na ukapewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, nao una Bunge, wizara, zabibu, na upepo unaompelekea kila mtu vumbi la jirani yake bila upendeleo. Wenyeji humwita Mzanzibari yeyote "Mpemba", na juhudi za mwandishi wa waraka huu za kueleza kwamba Bububu iko Unguja zimepokewa kwa upole uleule ambao watu wa Bububu wangeyapokea maelezo ya tofauti kati ya Mgogo na Mrangi, yaani kwa kuitikia kwa kichwa na kusahau papo hapo.

Swali lililoulizwa katika barua iliyotoka nyumbani, la kama Bara nako kuna reli iliyokufa au ni Unguja peke yake iliyopata aibu hiyo, linahitaji jibu la kina. Reli ya Bububu, kama wazee wanavyopenda kukumbusha, ilifunguliwa mwaka 1905 na kampuni ya Kimarekani, ikatoka Ngome Kongwe, ikapita katika vichochoro vya mjini karibu na vibaraza vya watu kiasi kwamba abiria aliyekuwa na njaa angeweza kuchota kitu kwenye sinia la mtu, ikaishia Bububu baada ya maili 7. Nayo ilizimika katika miaka ya 1920, ikaacha jina tu na ubishi kuhusu ilikopita. Bara ina wafu wake pia, na wafu hao ni wakubwa zaidi, kwa sababu huku hata makosa hufanywa kwa maekari.

Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, na hiyo haikufa. Iliyokufa ni tawi lake, yaani njia ndogo inayochipuka kwenye njia kuu kama tagaa la mkarafuu, lililotoka stesheni ya Msagali, mashariki ya Dodoma, likaenda kilomita 20 na ushei hadi Kongwa. Tawi hili lilizaliwa na karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na serikali yao ikaamua kwamba dawa ni kulima karanga Afrika Mashariki kwenye ekari zipatazo milioni 3.2, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika, kwa makisio ya pauni milioni 25. Kongwa ilichaguliwa kuanza mwaka 1947, na mwaka huohuo mto Kinyasungwe, ambao kwa miezi mingi ya mwaka ni mchanga wenye jina la mto, ukafurika na kuibeba reli kuu, hivyo mitambo iliyongojewa kwa hamu ikakwama njiani.

Jamaa wataona kwamba hadi hapo ishara zilikuwa wazi, na mtu mwenye bibi angeshauriwa kurudi nyumbani. Waliendelea. Mibuyu iligoma kung'oka, na nyuki waliokuwa ndani yake wakatetea makazi yao. Vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani viligeuzwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta, yakaitwa Shervick, lakini kifaru kilichozoea kupigana na Wajerumani hakikujua la kufanya mbele ya kisiki. Ardhi nayo ilikuwa na hila yake. Karanga, kama kila mtoto wa shamba ajuavyo, hutoa ua juu na kuzaa chini, na udongo wa Kongwa una mfinyanzi ambao mvua ikikatika hukauka ukawa sakafu, kwa hiyo hata zile zilizozaa zilikuwa kama sarafu zilizomwagiwa saruji. Januari 1951 mradi ulitangazwa kuachwa, na hasara ya pauni milioni 36 hivi ikafutwa vitabuni. Tawi la reli, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mzigo ambao haukutokea, liling'olewa kabla muongo uliofuata haujaisha.

Utafiti wa kuifuata njia hiyo, uliofanywa siku moja ya Jumamosi kwa pikipiki ya kukodi na viatu visivyofaa, uliongozwa na mzee mmoja mfugaji, ambaye baada ya salamu ya Kigogo, "mbukwenyi", na shikamoo alitangaza kwamba alipokuwa mtoto alilipanda gari moshi la Kongwa mara moja bila tiketi na akateremshwa kwa kofi. Kofi hilo lilichukuliwa kuwa ushahidi wa kutosha. Tuta la kwanza alilolionyesha lilifuatwa kwa karibu saa nzima, likazunguka kilima kwa adabu na kuwarudisha watafiti kwenye mbuyu walioanzia. Ilibainika kwamba hilo lilikuwa kinga maji, yaani tuta la kushika udongo usibebwe na mvua, ambalo mradi wa karanga nao ulijenga kwa wingi. Alama ya pili ilikuwa mtaro wa bomba la maji, uliofukiwa hivi karibuni.

Hapo ndipo ilipobidi kutumia kanuni. Kinga maji kwa kawaida hushika usawa, halipandi wala halishuki, kwa sababu kazi yake ni kuyafanya maji yasimame. Reli hupanda, ila kwa woga, kidogo kidogo, kwa kuwa gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza na haliwezi mlima kama punda awezavyo, na inapokata kona huikata kwa mzunguko mpana. Mwandishi alilaza chini chupa ya maji iliyokaribia kujaa, akapiga magoti, akatazama kiputo cha hewa, ambacho hukimbilia upande ulioinuka, kinaelekea wapi.

"Mpemba," mzee akasema baada ya kutazama kimya kwa muda, "hayo maji ni ya kunywa. Hapa hayachezewi."

Kwenye tuta la tatu kiputo kilisogea, taratibu, upande wa Kongwa. Lilikuwa tuta la chini, pana kiasi cha kupita mkokoteni mmoja, lililonyooka katikati ya migunga bila kujali mashamba ya mtama yaliyolikata, na juu yake zilitawanyika kokoto zenye kingo kali zisizofanana na changarawe ya jirani. Punda wanne waliobeba madumu walipita juu yake bila kuelekezwa na mtu. Mzee alipoulizwa vyuma vilikwenda wapi, alijibu kwamba walileta wenyewe, wakang'oa wenyewe, na wanakijiji wakabaki na njia ya punda, jambo ambalo kwa maoni yake lilikuwa faida pekee ya mradi mzima.

Kauli hiyo ilipungua nguvu kidogo alipowakaribisha nyumbani kwake. Kizingiti cha tembe lake, yaani nyumba ya Kigogo yenye paa bapa la udongo, kilikuwa taruma la chuma, moja ya yale mataruma yanayolazwa kukingama chini ya reli ili zisiachane, lililokwanguliwa na miguu ya miaka mingi hadi katikati likang'aa kama kijiko. Katika tundu moja la kufungia reli ulichomekwa mswaki wa mti. Mzee alilitaja kuwa la reli ya karanga. Mwandishi alipodokeza kwamba lingeweza pia kuwa limetoka kwenye reli kuu, mwenyeji aliyageuza mazungumzo yakawa ya ng'ombe, kwa kuwa reli kuu bado ina mwenyewe.

Karanga zinazoambatana na waraka huu zilinunuliwa Mbande, mahali barabara ya Kongwa inapoachana na ile ya Morogoro, kwa mama aliyezipima kwa kopo na ambaye hulima shamba lake kwa jembe la mkono, bila kifaru. Ni kilo 2 kamili, zimefungwa kwa gazeti na uzi mwekundu. Aliyezibeba kutoka Dodoma kwa treni mpya hadi Dar es Salaam na kuvuka nazo kwa boti ni binamu anayejulikana kwa wote. Endapo zitafika pungufu, aulizwe yeye.