Mbwa Kachanjwa, Mimi Nakaguliwa

Sisi tuliokulia Dodoma kwenye maboma ya ng'ombe tunamjua kupe, na tunajua pia kwamba kupe ana mwenyewe: ng'ombe. Wakizidi, mifugo inaswagwa hadi kwenye josho, inatumbukizwa kwenye dawa, inatokea upande wa pili ikitikisa masikio, habari imekwisha. Hakuna aliyenidokeza kwamba nikihamia Marekani, tena jimbo la Connecticut ambako kodi ya nyumba inakutoa jasho, kupe atanifuata mimi.

Tena afadhali yule wa kwetu, unamwona. Huyu wa huku akiwa mchanga ni mdogo kama mbegu ya mchicha, na akikuuma husikii kitu. Anakaa kwenye majani makavu na nyasi ndefu kando ya msitu, yaani uani kwangu, anasubiri mguu upite. Vijidudu anavipata kwa panya wa porini. Kupe wakubwa wanalishwa na kulungu, hawa hawa wanaokuja kula maua yangu utadhani hati ya kiwanja ni yao.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Lyme, jina la mji wa jimbo hili hili. Mwaka 1975 akina mama wa huko walichoka kuona watoto wanavimba magoti bila maelezo ya kueleweka. Mmoja wao, Polly Murray, alikuwa akiandika kila dalili iliyoipata familia yake, akawasumbua wakubwa mpaka wakaja kuchunguza. Mwaka 1982 Willy Burgdorfer na wenzake wakamtangaza mhalifu: bakteria wa jamii ya borelia.

Nilipomsimulia bibi kwa simu, wala hakushtuka. "Si homa ya papasi hiyo, mjukuu wangu?" Bibi hajakosea sana. Homa ya papasi, iliyowatesa watu kwenye nyumba za tembe, nayo inaletwa na borelia, ndugu wa huyu. "Basi tafuteni josho muoge," akasema, akaniuliza pesa ya mbolea.

Josho tunalo, bibi. Kila nikitaka kung'oa magugu navaa suruali iliyopuliziwa permethrini, naichomeka ndani ya soksi, najipaka dawa ya kufukuza wadudu. Nikirudi, nguo zinaingia kwenye mashine ya kukaushia kwa moto mkali, mimi naingia bafuni kabla saa mbili hazijapita. Halafu mama watoto ananisubiri na tochi.

"Geuka. Inua kwapa. Nyuma ya goti. Hiki nini?"

"Baka la kuzaliwa."

"Jana lilikuwepo?"

Ndoa yetu ina miaka na miaka, lakini baka bado linahojiwa! Kitovu kinakaguliwa, nyuma ya masikio, hadi kwenye nywele. Akipatikana, anashikwa kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, anavutwa moja kwa moja bila kusokotwa. Anayekushauri umpake mafuta au umchome kwa kiberiti, mwache na kiberiti chake. Kinachotakiwa ni haraka, maana kupe akiondolewa kabla ya saa 24, mara nyingi hajawahi kukuambukiza.

Kiangazi kimoja homa ilinishika, viungo vikauma. Daktari kusikia Tanzania tu, akang'ang'ania malaria. Mimi nimeshinda bustanini kwangu, yeye ananisafirisha Afrika! Bahati nzuri alama nyekundu ya duara ilikuwa pajani, ikakua siku hadi siku (wengine haiwatoki kabisa, ndiyo maana homa ya kiangazi huku haifai kupuuzwa). Nikapewa doksisaiklini, dawa hiyo hiyo ambayo wasafiri humeza kujikinga na malaria. Nikapona. Wanaochelewa ndio wanaovimba magoti, kupooza upande wa uso, hata moyo kwenda mrama.

Lakini kinachonikera hasa ni mbwa. Mbwa wetu ana chanjo ya Lyme. Ya binadamu iliidhinishwa mwaka 1998, ikaondolewa sokoni 2002 kwa kukosa wanunuzi. Basi yeye analala kwenye kochi hana wasiwasi, mimi nimesimama sebuleni nimeinua mikono.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaopanga kuja kututembelea kiangazi, dagaa leteni, karibuni sana. Ila leteni na soksi ndefu, tena nyeupe, kwa sababu kupe mweusi kwenye soksi nyeusi hata mama watoto hamwoni.