Kuku Saba na Neno "Sijafunga"

Asubuhi ile ya Jumapili mama mkwe wangu ndiye aliyetangulia bandani, kama ilivyo desturi yake, kibakuli cha pumba mkononi. Hakupiga kelele. Alirudi taratibu, akaketi kwenye kigoda chake, akasema, "Mkamwana, njoo uone."

Mlango wa banda ulikuwa wazi. Kuku 7 walikuwa wamelala huku na huku, shingo zimetafunwa, akiwemo yule koo wa madoadoa aliyekuwa akiatamia mayai 12. Wawili tu walisalimika, wamejikunyata juu ya mwembe. Sisi tunaoishi Old Korogwe, karibu na vichaka vya Mto Pangani, hatuna haja ya kuuliza mgeni huyo ni nani. Harufu ya kicheche ilikuwa imetanda uani kote. Swali lilikuwa jingine: banda halikufungwa kwa nini?

Kazi ya kufunga ni ya binti yangu, aliyeingia kidato cha kwanza Januari. Na usiku wa kuamkia Jumapili hiyo nilimuuliza. Nilikuwa nimeweka sheria nyumbani kwamba Jumamosi, tangu kunapokucha hadi tunapolala, tunasema Kiingereza tu, ili asije akakaa darasani kama bubu. Nilirudi kutoka sokoni Manundu giza limeshaingia, nikamuuliza kwa Kiingereza habari za banda. Akanijibu kutoka jikoni: "I lock the door, mama." Nikaridhika, nikaoga, nikalala.

Kumbe mlango ulikuwa haujafungwa. Nilichukua fimbo.

"Mama, sikudanganya," alisema huku machozi yanamtiririka. "Nilikuwa nakoroga uji wa mtoto. Nilitaka kusema sijafunga, nikimaliza nitafunga. Halafu usingizi ukanipitia."

Bibi yake akamtazama. "Basi si ungesema hivyo, mjukuu wangu?"

"Sikujua inavyosemwa, bibi."

Fimbo niliirudisha nilikoitoa. Tulizika kuku, tukafagia manyoya, kisha nikachukua kipande cha chaki, tukaketi wawili mbele ya mlango wa banda, nikaandika juu ya mbao zake. Kitenzi cha Kiingereza kinachofuata kanuni kina maumbo manne tu: lock, locks, locking, locked. Ni machache mno. Sisi kwenye "funga" tunachomeka wakati ndani ya neno lenyewe, na hauwezi kupotea, kwa sababu ukiutoa neno lenyewe linavunjika: nafunga, nilifunga, nimefunga, nitafunga, hufunga, sijafunga. Mwingereza anayo maumbo yake manne, na kazi iliyobaki anawaachia wasaidizi wanaotangulia mbele: am, have, had, will.

Tukapanga upya, safari hii tukianzia kwenye Kiswahili. Hufunga, yaani ndiyo desturi yangu kila jioni: I lock. Nafunga sasa hivi, komeo liko mkononi: I am locking. Nitafunga: I will lock. Nilifunga jana: I locked. Nimefunga, na mlango umefungwa hadi sasa: I have locked. Hapo kwenye -li- na -me- tulikaa sana, maana ndipo usalama wa kuku ulipo. Anayesema "nilifunga" anasimulia jambo lililopita, na pengine mtu alifungua baadaye. Anayesema "nimefunga" anakuambia kalale. Kiingereza nacho kina tofauti hiyo, na binti yangu aliishika mara moja alipoona kwamba anaijua tangu utotoni.

Kisha tukafika kwenye "sijafunga". Neno moja, silabi nne, mtoto wa miaka mitatu analisema. Ndani yake mna kukanusha, mna kwamba jambo halijatendeka mpaka dakika hii, na mna tumaini kwamba litatendeka. Kwa Kiingereza linataka msafara mzima: I have not locked it yet. Binti yangu msafara huo hakuwa nao. Alikuwa na lock, akaitoa.

Na sikio langu nalo lilikosea. Ule mkia wa -ed hautamkwi kwa sauti moja. Kwenye locked na washed ni t, kwenye opened na cleaned ni d, kwenye counted ndipo unaposikika kama id. Sisi maneno yetu humalizikia kwenye irabu, kwa hiyo konsonanti iliyosimama peke yake mwishoni inatuponyoka mdomoni. Isitoshe, ile t ya locked ikifuatwa na the inamezwa, hata kwa wenye lugha yao. Mtoto alisema lock, mimi nikasikia locked, kwa sababu ndilo nililotamani kulisikia.

Hapa Tanzania, tangu 1967 shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari zikabaki na Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, lakini madaftari ya binti yangu ya biolojia na jiografia ni ya Kiingereza mtupu. Kila Januari mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili anavuka huko, na mwalimu anamuuliza: umeelewa? Neno la kweli ni "sijaelewa". Asipokuwa nalo, atasema yes. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kuku. Niliona wazi kwamba majibu mengi ya watoto wetu tunayoyaita uvivu au uongo ni "sijaelewa" iliyokosa pa kupitia.

Mama mkwe hajui Kiingereza. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba yeye hana ugomvi na Kiingereza, ila habari za kuku wake zisiulizwe kwa lugha ambayo mwenye kujibu bado anaitafuta.

Sasa kuku wamefika 6. Jumamosi bado tunasema Kiingereza, lakini saa kumi na mbili na nusu jioni swali la banda linaulizwa kwa Kiswahili. Nawe mzazi mwenye mtoto wa kidato cha kwanza, nakuomba: kabla ya salamu na kabla ya nyimbo, mfundishe kwanza kusema kwa Kiingereza "sijafanya" na "sijaelewa".