Toleo la Kwanza

Hapa Buseresere, kama kwa jirani zetu Katoro, mchimbaji akileta dhahabu inawekwa kwenye mizani, bei ikasomwa. Wewe kaka yangu, mwenye kabati la sidii za Bongo Muvi, mizani yako iko mdomoni. Mwigizaji Kanumba alifariki Aprili 2012, na tangu hapo kila filamu yake kwako ni "haitoki tena". Sawa, haitoki. Hii unayoiita toleo la kwanza, la enzi za uhai wake, mbona ina stempu ya kodi ya TRA, iliyoanza kubandikwa kwenye filamu 2013? Na ukiicheza, anatokea Jet Li akisemewa na Lufufu, yule mtafsiri wa filamu za kigeni! Unataka pointi mbili za dhahabu. Utapata soda, tena ya moto.