28 Ambayo Si 28

Juzi, kwenye Barabara ya Mandela, nilipitwa na baiskeli yangu mwenyewe. Ile ya mlima, nyekundu, niliyomuuzia kijana muuza mayai wa mtaani kwetu. Ilinipita na trei zimepangwa kwenye keria mpaka zinamgusa kisogo, naye akanipigia kengele niliyomwachia bure. "Shikamoo bosi! Pancha?" Nilikuwa nasukuma. Nasukuma baiskeli mpya, chotara, fremu ya alumini, gia 24, ya bei ambayo nyumbani inajulikana nusu yake tu. Nikaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyeamua kutembea kwa ajili ya afya.

Ile ya zamani ilikuwa na kosa gani? Ilikuwa nzito, na ilikuwa ya mlima. Baiskeli hizo zilizaliwa California miaka ya 1970, vijana wa Kaunti ya Marin wakijirusha kutoka kilimani na mabaiskeli makuukuu. Mashindano yao, yaliyoanza mwaka 1976, yaliitwa Repack, kwa sababu breki ya habu ilichemka hadi grisi ikaungua yote, na wakifika chini ilibidi habu ifunguliwe, ijazwe grisi upya. Sasa kutoka Tabata hadi Kariakoo kuna mlima gani? Kuna matuta ya barabarani. Miaka yote hiyo nilikuwa nakokota matairi ya vijiti vinene juu ya lami, yakinguruma utadhani nakuja na trekta. Chotara ina magurudumu makubwa na membamba ya mwendokasi, gia karibu na za mlima, na unakaa wima ukiona watu. Nilishawishika. Kisha kipande cha chupa ya bia kikachana tairi la nyuma ubavuni.

Fundi niliyemkuta chini ya mwarobaini, Buguruni, ni mzee wa kazi: karai la maji, kopo la sulusheni, msasa, spana zilizolika meno. Alifungua tairi kwa mipini ya vijiko viwili, akavuta tyubu, akafika kwenye valvu, akasimama. Akaigeuza huku na huku. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Mwanangu, hii imeliwa na nini?"

Hapa msomaji anivumilie, maana valvu ni jambo tamu kuliko watu wanavyodhani. Ya Phoenix, ile ya babu zetu, inazuia upepo kwa kijimpira chembamba kilichovalishwa kwenye chuma. Kikichakaa unanunua kingine dukani kwa sarafu. Ya baiskeli yangu ya mlima ilikuwa sawasawa na ya gari, yenye springi ndani, kwa hiyo hata kituo cha mafuta wanakujazia. Ya chotara inaitwa Presta. Ni nyembamba, haina springi. Upepo wenyewe wa ndani ndio unaoifunga. Juu ina kinati kidogo unachokilegeza kwanza, unakibonyeza kinatema kidogo, ndipo unajaza. Ni ujanja mzuri sana. Inaruhusu tundu la ringi liwe la milimita 6 badala ya 8, ringi nyembamba isipungue nguvu. Tatizo lake ni moja: pampu ya fundi haikai.

Mzee alijaribu kwa kitambaa. Alijaribu kwa mate. Akajaribu kwa kijana wake, ambaye alikipinda kile kinati, na kinati kikabaki mkononi.

"Basi," akasema, "tunatia tyubu ya 28. Valvu yake ni nene, ila ringi tutaitoboa."

Akaanza kutafuta msumari wa kuchoma motoni. Nikaishika ringi kwa mikono miwili. Wateja wengine, wawili wa pancha na mmoja aliyekuja kupiga soga, wakaniangalia kwa huruma ile anayoangaliwa mgonjwa anayekataa sindano.

Tukahamia kwenye tairi, na hapo ndipo nilipozama. Fundi alitoa tairi la 28, jipya, kwa sababu dukani niliambiwa baiskeli yangu ni 28. Likaingia kwenye ringi bila kusukumwa. Likazunguka lenyewe. Likatoka lenyewe. Tukatazamana.

Ukweli wake ni huu. Ile namba haikupima chuma. Ilipima tairi likiwa limejaa upepo, ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, kwa inchi. Tairi likiwa nene, ringi lazima ipungue ili jumla ibaki ileile. Likiwa jembamba, ringi inaongezeka. Kwa hiyo namba moja inaweza kukaa kwenye ringi za vipimo mbalimbali, na kila nchi ilichagua chake. Ringi ya Phoenix inayoitwa 28, pale tairi linapokaa, ni milimita 635. Yangu, nayo 28, ni 622. Milimita 13 tu, na ndizo zilizonisukumisha baiskeli barabarani. Wafaransa wao walihesabu kwa milimita, wakaita 700, wakaongeza herufi A, B na C kuonyesha unene. C ndiyo iliyokuwa nene. Baadaye tairi za C zikakondeshwa, jina likabaki, kwa hiyo siku hizi 700C nyingi hazifiki 700 kwa vyovyote. Zile baiskeli za mtumba za Kijapani zenye kikapu, zilizoandikwa 26, ringi yake ni 590. Ile yangu ya mlima, 26, ilikuwa 559. Kisha Wamarekani wakachukua ringi ya 622, ileile yangu, wakaivalisha tairi nono la mlima, likafika karibu inchi 29, wakaiuza kwa jina la 29.

Yaani 28 si 28, lakini 29 ni 28. Nilimweleza fundi. Akaniambia nikapumzike.

Kariakoo muuzaji aligoma kabisa. "Nataka 29 la kutia kwenye 28." "Bosi, 29 haliingii kwenye 28, hiyo ni hesabu ya darasa la kwanza." Nikamwonyesha ubavuni, maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma: 47-622. Unene, halafu ringi. Tukalivalisha palepale dukani, likakaa kimya, likaenea. Akalibonyeza kwa kidole. "Ya siku hizi yanavutika," akasema.

Chotara haikuja na madigadi; mvua ya kwanza ilinichora mstari wa tope mgongoni. Haikuja na stendi pia, nimegombana na jirani kuhusu ukuta wake.

Ila getini kazini sina mzaha. Baiskeli haiingii. Mtu anayekuja peke yake ndani ya gari anatengewa mita za mraba zaidi ya 10, chini ya kivuli, na jina lake limepakwa rangi chini. Mimi nikiomba upana wa mabega naambiwa nafasi hakuna. Njiani nako ukingo wa barabara umechukuliwa na magari yaliyoegeshwa na bodaboda wanaokuja kinyume, halafu ukiingia katikati unatukanwa. Si suala la nafasi. Baiskeli imeshahesabiwa kuwa ya muuza mayai, na muuza mayai hahesabiwi popote. Mlinzi mwenyewe anayenizuia anakuja na Phoenix, anaificha nyuma ya jenereta kabla mabosi hawajafika.

"Tatizo ni daftari, mzee," akanifafanulia. "Kila chombo kinaandikwa namba. Hicho hakina namba."

Nikainama kwenye tairi la mbele, la asili, nikamsomea: 40-622. Akaandika. Akanipa kikaratasi, nikaingia, nikaegesha kivulini.

Kesho yake, chini ya mstari wangu, palikuwa na mwandiko wake: 40-635, Phoenix, mlinzi. Wiki hiyohiyo kijana wa uhasibu akaja na baiskeli yake ya mlima, mpya, 29, akaona nimeruhusiwa, akasoma ubavuni kwa sauti: 54-622.

"Haiwezekani," mlinzi akamkatalia. "622 ina mwenyewe."