Namna ya Kutoka kwenye Nyumba ya Kupanga Wakati Nyumba Uliyonunua Bado Iko Njiani

Kwanza kabisa, funga mdomo. Hapa Munigi, karibu na mji wa Goma, ukimwambia mama muuza makala asubuhi kwamba mwezi wa saba unahamia kwako, jioni komisioneri, yule dalali wa nyumba, ameshafika na wateja wawili, na mmoja anapima dirisha la chumba chako kwa mikono ili ajue pazia lake litatosha. Komisioneri hana kosa. Anakula kwa nyumba zinazoachwa wazi, na wewe umemtangazia kwamba moja inaachwa.

Neno "nitahama" lisitoke mpaka uwe na vitu vitatu: karatasi ya mauzo yenye saini za wote wanaohusika, ufunguo, na nyumba isiyo na mtu ndani. Kimoja kikikosekana, wewe bado ni mpangaji, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Aibu ni kukutwa mwezi wa nane barabarani na magodoro matatu, kabati, na watoto wanaouliza tunalala wapi.

Tuanze na saini. Mwulize muuzaji, kwa adabu yote: "Papa, na mama yuko wapi?" Akijibu kwamba mama yuko Masisi shambani na mambo haya humwachia yeye, mwambie: "Basi tutamsubiri mama." Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mume na mke wote wawili wakubali kabla nyumba haijauzwa. Ukikimbilia kumpa papa pesa peke yake, siku mama akirudi kutoka Masisi utakuwa na kesi, na pesa haitakuwepo. Baada ya mama, uliza kuhusu ndugu. Kiwanja cha marehemu kina warithi wengi kuliko ulivyoonyeshwa siku ya kwanza, na yule ambaye hukuonyeshwa ndiye atakayekuja siku unapopaka rangi.

Kisha karatasi zenyewe. Tangu sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya Kongo ni ya serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja huthibitishwa na setifika inayotolewa na konsevateri wa hati za ardhi. Lakini Munigi iko katika cheferi ya Bukumu, teritwari ya Nyiragongo, na viwanja vingi vimepita mikononi mwa machifu kabla ya kufika ofisini, kama vilifika. Mtu anakuonyesha karatasi ya kununua iliyosainiwa na chifu na mashahidi wanne, anaamini kwa moyo wote kwamba hiyo ndiyo setifika. Si setifika. Ni mwanzo wa safari ya kuitafuta. Ongeza hapo ugomvi wa zamani wa mpaka kati ya mji wa Goma na Bukumu, ambao unaweza kukufanya uzunguke ofisi mbili, kila moja ikitaka ulipe kwake. Na volkano nayo imeweka mkono wake: lava ya Nyiragongo ilishuka mpaka katikati ya Goma tarehe 17 Januari 2002, na tarehe 22 Mei 2021 ikarudi na kusimama Buhene, pale pale kwa majirani. Ilipopita ilizika mipaka na mawe yake ya alama. Kupima upya kiwanja cha namna hiyo kunahitaji majirani wote wakubali mstari ulikuwa wapi, na majirani huwa na kumbukumbu zinazowapendelea wenyewe.

Kwa hiyo muuzaji akikuambia karatasi zitatoka baada ya wiki mbili, wewe hesabu miezi. Huo si ukosefu wa imani. Unalinda watoto wako.

Na kama karatasi haikukuchelewesha, pesa itakuchelewesha. Waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango, na watu wenye akiba ya miaka wakabaki wanaiona kwenye simu tu. Kutoa dola mia chache kwa simu kunakata asilimia. Wengine wanavuka barrière ya mpakani hadi Gisenyi, Rwanda, kutafuta pesa taslimu. Muuzaji wa nyumba anataka dola mkononi, noti safi zisizopasuka, na zote kwa siku moja. Ukijua kwamba sehemu ya pesa yako iko benki, sehemu iko katika sanduku la AVEC, chama chenu cha akiba, ambalo halivunjwi kabla ya mwisho wa mzunguko, na sehemu iko kwa shemeji aliyeahidi, basi unajua tayari kwamba tarehe uliyoandika ni ya kubahatisha. Mwambie muuzaji hivyo kabla hujasaini, na muandike kwenye karatasi kwamba akompte, yaani malipo ya kwanza uliyotoa, haipotei kwa kuchelewa. Watu wanaona haya kudai mstari huo. Uudai.

Sasa tufike kwenye garanti, maana hapo ndipo familia zinapoumizana.

Ulipoingia ulilipa garanti. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema kwa nyumba ya kuishi isizidi miezi 3, ingawa wengi wetu tuliombwa zaidi na tukalipa kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Unadhani pesa hiyo imekaa mahali inakusubiri. Haikukaa. Ilinunua mabati, ililipa minervali ya watoto shuleni, ilimzika mtu. Mwenye nyumba mwaminifu kabisa, anayekusalimia kila asubuhi, atakurudishia garanti yako kwa garanti ya mpangaji anayefuata. Ndivyo inavyokwenda kwa wengi, na hakuna anayeificha.

Tazama basi kinachotokea ukitoa preavi, yaani taarifa ya kuondoka, mapema. Unamwambia mwenye nyumba kwamba unatoka mwisho wa Juni. Anampata mama mmoja mjane, anapokea garanti yake mwezi wa tano, anakupa nusu yako, nusu nyingine anaitumia. Mama yule naye ameshatoa preavi anakokaa, na mwenye nyumba wake ameshapata kijana anayeoa. Juni inaisha. Muuzaji wako anakupigia simu: yeye mwenyewe bado hajahama, nyumba anayohamia haijaezekwa. Au mbaya zaidi, ndani ya nyumba uliyonunua kuna mpangaji, na preavi yake naye kwa sheria ni miezi 3. Sasa familia nne zimesimama kwenye mstari mmoja, kila moja na mizigo yake mlangoni, na wote wanasubiri mabati ya mtu ambaye hawajawahi kumwona.

Kwa hiyo panga hivi. Preavi ya miezi 3 uiandike siku unayopokea ufunguo, si siku unayopatana bei. Utalipa kodi ya miezi ambayo ungeweza kulala kwako, ndiyo, inauma. Ila miezi hiyo ndiyo ya kuweka milango, kuleta maji, na kuchimba choo. Na kama mwenye nyumba ana haraka ya kumwingiza mtu mwingine, atakuachilia mapema kwa furaha, mradi muandike.

Umeshakosea? Ulitoa preavi na nyumba imechelewa? Nenda leo. Usingoje tarehe 28. Nenda na mwenzako wa ndoa, jioni, baada ya kula, wala usipeleke habari kwa mtoto au kwa simu. Sema moja kwa moja: "Papa, tulisema tunatoka mwisho wa mwezi wa sita. Nyumba yetu haijakamilika. Tunaomba tubaki tukilipa mwezi kwa mwezi, na huu wa saba tumekuja nao." Weka pesa mezani wakati huo huo. Mwenye nyumba anayeona kodi mbele yake husikiliza vizuri sana. Kisha omba daftari, andikeni kwamba preavi ya kwanza imefutwa au imesogezwa mpaka tarehe fulani, wote wawili mtie saini, na chifu wa avenyu aweke yake. Kama ameshapokea garanti ya mpangaji mwingine, omba mkutane naye pia. Huyo mama anayesubiri si adui yako. Anastahili kusikia ukweli kutoka kwako mapema, ili naye awahi kurudi kwa mwenye nyumba wake.

Mkishindwana, kuna ofisi ya serikali ya makazi, ambayo husuluhisha kabla ya mambo kwenda mahakamani. Nenda na risiti zako zote. Kama kodi ulikuwa unalipa bila risiti, anza mwezi huu kudai.

Kuna mashauri mawili utakayopewa na kila rafiki, na nakusihi uyakatae yote mawili.

La kwanza ni "kula garanti": uache kulipa miezi 3 ya mwisho, ukijua garanti itafidia. Kwa mtu mwenye ufunguo mkononi, na mwenye nyumba amekubali kwa maandishi, sawa. Kwa mtu ambaye nyumba yake imechelewa ni shimo. Mwezi wa nne unafika, garanti umeshaila, kodi huna kwa sababu pesa yote umempa fundi, na mwenye nyumba sasa ana haki ya kukasirika. Wewe uliyekuwa mpangaji mzuri miaka yote unaondoka na jina la mdaiwa.

La pili ni "hamia hivyo hivyo, utamalizia ukiwa ndani". Madirisha yanaweza kuzibwa kwa turubai, hilo ni kweli. Choo hakizibwi kwa turubai. Munigi imekaa juu ya mwamba wa lava. Nenda uangalie wanaume wakichimba shimo la choo: nyundo kubwa, patasi ya chuma, cheche, na jioni wamekwenda chini kiasi cha goti. Wengine huishia hapo na kujenga kibanda juu ya shimo la goti. Maji nayo ni ya kubeba kwa vibido, yale madumu. Eneo hili liliona kipindupindu Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa hapa na maelfu kwa maelfu wakafa katika wiki chache, kwa maji machafu na ardhi iliyokataa kuchimbika. Kipindupindu hakijatuacha tangu wakati huo. Usiwapeleke watoto kwenye nyumba isiyo na choo ili tu kuokoa kodi ya miezi miwili. Kama lazima mtoke na hakuna pa kwenda, ombeni kwa ndugu. Watu wa hapa wamepokeana mwaka 2002, mwaka 2021, na mwaka 2025 pia. Shangazi yako hatashangaa. Peleka unga na makala unapofika.

Siku ya kutoka ikifika kweli, usiite chukudu ya kubeba mizigo kwanza. Ita mwenye nyumba. Zungukeni wote: mbao zilizooza, kitasa, kioo cha dirisha la sebuleni, bati linalovuja. Andikeni kila kitu kama kilivyo, hata kile kilichokuwa kimevunjika ulipoingia, na utie saini baada ya kuona garanti, au tarehe ya garanti, imeandikwa pale pale. Ndipo vijana wa chukudu wapakie, na kama nyumba yako iko juu upande wa Kibati uwaongezee kidogo, maana kupanda wanasukuma kwa mabega.

Na wiki ya mwisho usinunue umeme mwingi. Yuniti zinazobaki kwenye kompta ya nyumba hazihami nawe.